Mimea ya kutambaa ndani ya pipa, mbele ya ukuta wa jua: uchague upi?

Ukuta unachomwa na jua, chini kote ni sementi, na hakuna hata futi moja ya udongo wa kupandia. Nyua nyingi za Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja ziko hivyo, sembuse nyumba za kupanga ambako mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kuvunja sakafu. Pipa kubwa linamaliza shida ya udongo, lakini linaleta shida nyingine mbili: mizizi haina pa kukimbilia jua likikaza, na kila tone la maji lazima ulipeleke wewe.

Kwa hiyo anayechagua kwa kutazama rangi ya maua ameanzia mwisho. Swali la kwanza ni utabeba ndoo ngapi kwa wiki mwezi wa Februari. La pili ni mmea unapandaje ukutani: unashika wenyewe au unangoja kufungwa. Maua au matunda ni swali la tatu.

Ukuta wako unatazama wapi

Vitabu vya bustani vya Ulaya husifu ukuta unaotazama kusini. Ushauri huo haufai huku. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini tangu mwanzoni mwa Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba, kisha huhamia kusini. Ukuta unaotazama kaskazini hupata jua katikati ya mwaka na kubaki kivulini Desemba na Januari. Wa kusini ni kinyume chake. Mmea wa maua uliostawi vizuri Julai ukakataa kuchanua Desemba, mara nyingi haumwi chochote. Umehamiwa na kivuli.

Kuta zenye jua mwaka mzima ni wa mashariki na wa magharibi, na hizo mbili hazifanani. Wa mashariki hupata jua la asubuhi, hewa ikiwa bado ya baridi kidogo. Wa magharibi huanza kupigwa saa saba mchana hadi saa kumi na mbili jioni, wakati kila kitu kimeshapata moto, na tofali za sementi huendelea kutoa joto hata baada ya Magharibi. Weka kiganja ukutani saa mbili usiku. Kama bado una joto, huo ni ukuta wa bogenvilia, alamanda, dodoki na mtambazi wa Rangoon. Asumini, nderema na pasheni hupendelea ukuta wa mashariki. Wa magharibi wataukubali kwa sharti la maji kila siku na nafasi ya hewa kupita nyuma yao.

Pipa kabla ya mmea

Pipa la plastiki la lita 200 likikatwa katikati kwa upana hutoa vyungu viwili vya lita 100, kila kimoja na kina cha sentimita 40 na kitu. Hicho ndicho kipimo kizuri kwa karibu kila mmea uliotajwa hapa. Uliza pipa lilibeba nini. Lililobeba kemikali au dawa za viwandani lisitumike kabisa kwa mboga na matunda, hata likioshwa mara ngapi. Pipa la chuma hupata moto mkali upande wa jua na mizizi ya upande huo hufa. Kama ndilo ulilo nalo, lipake chokaa nje na utandike gunia ndani kabla ya udongo. Vyungu vya sementi vinavyouzwa kando ya barabara hukaa baridi zaidi, ila vikiwa vipya hutoa chokaa na majani huwa ya njano. Vijaze maji, viache siku 3, mwaga, rudia mara 2 au 3.

Toboa matundu 6 hadi 8 chini, kila moja upana wa kidole. Usitandike kokoto chini ya udongo. Desturi hiyo ni ya zamani na imeenea, lakini haisaidii kutoa maji: maji hayashuki kirahisi kutoka udongo laini kuingia kwenye kokoto, hubaki yamening'inia juu yake, na sehemu yenye tope huwa imesogezwa karibu zaidi na mizizi. Kipande cha neti au gunia la nailoni juu ya matundu kinatosha kuzuia udongo usitoke. Kisha inua pipa juu ya tofali 3 ili matundu yasizibwe na sakafu.

Udongo wa lita 100 ni debe 5: debe 2 za udongo wa juu, 1 ya samadi iliyooza kabisa, 1 ya mchanga wa mto na 1 ya vumbi la usumba. Mchanga wa pwani usiuguse kwa sababu ya chumvi, na usumba wenyewe uloweke na kuukamua mara 2, maana nao hubeba chumvi. Acha sentimita 5 tupu juu ili maji yakimwagwa yasikimbie pembeni. Pipa la namna hii likilowa huzidi kilo 130, kwa hiyo liweke mahali pake kwanza, ndiyo ulijaze. Kwenye roshani ya ghorofani mwulize fundi aliyeijua nyumba kabla ya kuweka hata moja.

Wala usiweke sahani chini ya pipa. Maji yaliyotuama humo ni kitalu cha mbu wa dengue, na Dar es Salaam imepata milipuko ya dengue, ukiwemo wa 2014 na wa 2019.

Kwa mtazamo wa haraka

Vipimo vya maji ni vya msimu wa kaskazi, mmea ukiwa umekomaa, ukuta wa magharibi. Wakati wa masika gawa kwa 3 au acha kabisa.

| Mmea | Pipa, angalau | Maji | Unapandaje | Unapata nini |
|---|---|---|---|---|
| Bogenvilia | lita 60 | lita 10 kila siku 3 au 4 | hufungwa | rangi, kwa vipindi |
| Alamanda | lita 60 | lita 10 kila siku 2 | hufungwa | maua ya njano karibu wakati wote |
| Mtambazi wa Rangoon | lita 100 | lita 10 kila siku | hujisokota | maua na harufu ya usiku |
| Asumini | lita 40 | lita 5 kila siku | hufungwa | maua ya kuchuma |
| Pasheni ya njano | lita 100 | lita 10 hadi 20 kila siku | kwa vikono | matunda |
| Dodoki | lita 60 | lita 10 kila siku | kwa vikono | mboga, kisha dodoki |
| Nderema | lita 20 hadi 30 | lita 3 hadi 5 kila siku | hujisokota | mboga |

Kama maji yako ni ya kisima chenye chumvi, jedwali linafupika lenyewe. Bogenvilia itavumilia. Asumini na pasheni zitaanza kuungua ncha za majani ndani ya wiki chache, hasa ndani ya pipa ambamo chumvi hujikusanya. Angalau mara 1 kwa mwezi mwaga maji mengi ya mvua au ya bomba mpaka yatiririke chini kwa muda, ili chumvi isukumwe nje.

Bogenvilia au alamanda

Mashindano haya ndiyo ya kawaida zaidi, kwa sababu zote mbili zinapenda jua kali na zote mbili zinapatikana kwenye kila bustani ya miche. Kinachozitofautisha ni tabia yao kwa maji.

Bogenvilia huchanua vizuri inapobanwa. Mizizi ikijaa pipa na udongo ukikauka kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine, inatoa rangi. Ikipewa maji kila siku na mbolea ya kukuzia kama CAN au urea, inatoa majani na vijiti virefu, basi. Lalamiko la «yangu haichanui» lina sababu nne, na inafaa kuzikagua kwa mpangilio huu: jua chini ya saa 5 au 6 kwa siku, maji mengi, naitrojeni nyingi, na mkasi. Hilo la mkasi husahauliwa. Rangi hutokea kwenye ncha za matawi machanga. Anayekata ncha kila wiki ili ukuta uonekane nadhifu anakata maua kabla hayajazaliwa. Subiri wimbi la rangi liishe, pogoa theluthi moja ya kila tawi kwa mkupuo, kisha usiguse kwa wiki 6 hadi 8.

Kumwagilia kwake ni hivi: acha mpaka majani yaanze kulegea kidogo, kisha mwaga ndoo nusu polepole mpaka maji yatoke chini. Vikombe vidogo vidogo vya kila siku ni vibaya kuliko ukame. Mbolea: kijiko 1 cha chakula cha NPK 17:17:17 kila miezi 2 kwa pipa la lita 60, usizidishe. Majani yakigeuka njano huku mishipa ikibaki kijani, udongo una chokaa nyingi na mmea haupati chuma. Hapo usiongeze majivu ya jikoni, yatazidisha tatizo. Badilisha udongo wa juu kwa mboji.

Hatari kubwa ya bogenvilia ni siku ya kupanda. Mizizi yake haishikani na udongo. Ukichomoa mche kwenye kiriba kama unavyochomoa mwembe, donge linavunjika na mche unakufa ndani ya wiki 2. Chana kiriba kwa wembe ukiwa umeshakiweka shimoni, toa plastiki pembeni, jaza udongo. Dukani nako kuna mtego: miche iliyokaa muda mrefu chini hupenyeza mizizi kutoka kwenye kiriba hadi ardhini, na muuzaji huing'oa mbele yako. Sukuma kiriba kwa mguu kabla ya kulipa. Kikigoma kusogea, chagua kingine.

Kuhusu rangi, ile ya zambarau iliyokolea ya zamani ndiyo ngumu kuua. Nyeupe huwa na nguvu pungufu. Zile za maua yaliyojaa, yenye tabaka juu ya tabaka, hupendeza mwezi wa kwanza, kisha majani yake ya rangi hukauka na kung'ang'ania mtini yakiwa ya kahawia. Kwa ukuta unaotazamwa kutoka sebuleni hiyo ni kero.

Alamanda haitaki kuteswa. Inataka udongo wenye unyevu wa kudumu, si tope, na mbolea kidogo kila mwezi. Ikipata hivyo inatoa tarumbeta za njano bila kupumzika sana wakati wa joto. Haina miiba. Badala yake ina utomvu mweupe kama maziwa ambao huwasha ngozi na ni sumu ukimezwa, kwa hiyo vaa glavu unapopogoa na usitupe matawi palipo mbuzi au watoto wadogo. Ukikata tawi, nawa kabla ya kugusa macho. Hukua kwa fimbo ndefu zinazotoka mbele kuelekea njiani, na zisipofungwa kila wiki 3 au 4 ukuta unageuka kichaka chenye tumbo.

Uamuzi: anayesafiri mara kwa mara, au ambaye maji ya bomba yanamjia kwa zamu, achukue bogenvilia na aiweke mbali na mlango kwa ajili ya miiba. Aliyepo nyumbani, mwenye maji, anayetaka maua yasiyokatika, alamanda itamridhisha zaidi. Milimani hali hubadilika: Nairobi na Mbeya alamanda husinyaa miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, wakati bogenvilia haijali.

Asumini au mtambazi wa Rangoon

Zote huchanua jioni na kunukia usiku, na hapo ndipo zinapoachana. Asumini ni kichaka kinachoegemea, kinafika mita 2 hadi 3 kikifungwa, na kinafaa ukuta mdogo kando ya dirisha. Huzaa matumba kwenye matawi mapya, kwa hiyo baada ya kila wimbi kata theluthi, weka samadi viganja 3 au 4, na matumba yatarudi. Kwa vikuba au kwa kutia kwenye nguo, chuma matumba alasiri yakiwa meupe na yamevimba lakini hayajafumbuka. Yatafunguka yenyewe ndani ya nyumba. Yenye petali chache huchanua mara nyingi kuliko ile iliyojaa kama waridi dogo, ingawa ile iliyojaa ina harufu nzito.

Adui wa asumini kwenye ukuta wa moto ni utitiri mwekundu. Majani hupata vidoadoa vya kupauka, kisha utando mwembamba chini yake. Hupenda hewa kavu na vumbi, kwa hiyo dawa ya kwanza ni maji: piga upande wa chini wa majani kwa mpira kila baada ya siku 2 kwa wiki 2. Ikishindikana, mililita 10 za sabuni ya maji katika lita 1, upulize jioni, usuuze asubuhi.

Mtambazi wa Rangoon (Combretum indicum) ni habari nyingine. Maua yake hufunguka meupe jioni, yakawa ya waridi, kisha mekundu, na kishada kimoja huwa na rangi zote tatu. Hufika mita 6 na kuendelea, hata ndani ya pipa. Majani yakidondoka, vikonyo hubaki vikiwa vigumu kama miiba na mmea huvitumia kujikwamisha, kwa hiyo kuuondoa kwenye waya za ukuta ni kazi ya nusu siku. Huchipua pia kutoka mizizini, na mizizi hupenya kwenye matundu ya pipa kutafuta ufa wa sakafu. Tofali chini ya pipa zinasaidia, ukichungulia kila mwezi na kukata inayoning'inia. Nyumba ya ghorofa yenye ukuta mrefu mtupu inaustahili. Ukuta wa uani wa mita 2 hauustahili hata kidogo. Utakuwa kwa jirani kabla ya mwaka kuisha.

Pasheni: njano au zambarau

Wengi hununua pasheni kwa hesabu ya kupata kivuli na juisi kwa pamoja, na inawezekana, lakini huu ndio mmea unaodai zaidi kati ya yote hapa.

Kwanza aina. Pasheni ya zambarau ni ya milimani: hufanya vizuri Nairobi, Arusha na nyanda za juu kusini, na kwenye joto la pwani huzaa kwa shida. Ya njano ndiyo ya pwani, huvumilia joto na hustahimili zaidi mnyauko wa fusari, ugonjwa wa ukungu unaotoka udongoni. Ndiyo sababu miche mingi ya zambarau inayouzwa Kenya imebebeshwa juu ya shina la njano. Ukinunua iliyobebeshwa, kiungo kikae angalau sentimita 15 juu ya udongo wa pipa na kila chipukizi linalotoka chini yake likatwe.

Pili, uchavushaji. Zambarau hujichavusha yenyewe. Njano kwa kawaida haikubali chavua yake mwenyewe: pipa moja lenye mche mmoja, maua mengi, matunda hakuna. Unahitaji mimea 2 iliyotoka kwenye mbegu tofauti, kwenye mapipa 2, na nyuki. Nyuki wanaofaa ni wale wakubwa weusi wanaotoboa mbao, maana nyuki wa asali ni wadogo kwa ua hili na huondoka na chavua bila kugusa panapotakiwa. Wasipokuja, fanya mwenyewe. Maua ya njano hufunguka karibu saa sita mchana na kufunga usiku, kwa hiyo kazi ni ya alasiri: pakaza chavua ya mmea A kwenye vidole vitatu vilivyo juu ya ua la mmea B kwa brashi laini, kisha rudisha upande wa pili. Maua ya zambarau hufunguka alfajiri na hufunga karibu adhuhuri.

Kuulea ukutani, acha shina moja tu lipande kwenye kamba hadi waya wa juu, mita 1.8 au 2. Njiani vunja kila chipukizi la pembeni. Likifika juu kata ncha, ruhusu matawi 2, moja kulia moja kushoto kwenye waya, na vitawi vinavyoning'inia kutoka hapo ndivyo vitakavyozaa. Baada ya mavuno vikate vibaki na vifundo 4 au 5, kwa sababu matunda hutokea kwenye ukuaji mpya. Ukiacha kila kitu kikue kinavyotaka utapata zulia nene la majani makavu ndani, makazi mazuri ya vidung'ata na panya.

Matunda ya kwanza huja miezi 9 hadi 12 baada ya kupanda, na ua lililoshika huchukua kama miezi 2 hadi 3 kuiva. Maji yakiruka siku 2 mwezi wa Januari, matunda machanga hudondoka. Hakuna mbolea ya kurekebisha hilo. Matandazo ya majani makavu unene wa sentimita 5 juu ya pipa hupunguza sana kukauka. Matunda yakiwa magumu, madogo, yamepinda, na majani yana mabaka ya kijani na njano, hiyo ni virusi inayosambazwa na vidukari. Haina dawa. Ng'oa, choma, wala usichukue kipandikizi kutoka hapo. Mmea ukinyauka ghafla upande mmoja ukiwa na maji ya kutosha, kata shina karibu na udongo: kahawia ndani ya mti ni mnyauko, na udongo wa pipa hilo usipandwe pasheni tena.

Hata ukifanya yote sawasawa, hesabu miaka 3 au 4 kisha uanze upya. Bogenvilia kwa muda huo ndiyo kwanza inakomaa.

Dodoki na nderema, kwa mwenye haraka

Mpangaji mwenye mkataba wa mwaka 1 asihangaike na miti ya miaka. Nderema iliyopandwa kwa mbegu au kwa kipandikizi cha sentimita 20 huanza kuchumwa wiki ya 8 hivi, hupenda joto ambalo mchicha hauliwezi, na kadiri unavyochuma ncha ndivyo inavyotoa matawi. Yenye shina jekundu hupendeza zaidi ukutani. Yenye shina la kijani ina majani makubwa zaidi. Mizizi yake hushambuliwa sana na minyoo fundo, kwa hiyo usitumie udongo uliotoka kupandwa nyanya au bamia.

Dodoki hufunika mita 3 za ukuta ndani ya miezi 3. Panda mbegu 3 kwa pipa, bakiza mche 1, au 2 kwa lita 100. Matunda chini ya sentimita 15 ni mboga; ukiyataka ya kusugulia acha yakauke mtini mpaka yawe mepesi na mbegu zisikike ndani, jumla miezi 5 au 6 tangu kupanda. Yakiwa mabichi na makubwa ni mazito, kwa hiyo waya ziwe imara. Inzi wa matunda huyachoma yakiwa machanga. Funga kila moja kwenye mfuko wa karatasi siku 2 au 3 baada ya ua kunyauka.

Zabibu watu huuliza sana. Dodoma, sawa, hewa kavu inaruhusu na upogoaji mzuri huleta mavuno mara 2 kwa mwaka. Kwenye unyevu wa pwani ukungu utakula majani kabla hujaonja kitu.

Isiyofaa kabisa

Ule mtini mdogo unaonata ukutani (Ficus pumila) hauhitaji waya, na ndiyo sababu watu huupenda. Huingiza vijizizi kwenye rangi na plasta, ukiubandua unaondoka navyo, na kwenye ukuta wa magharibi huungua. Thunbergia grandiflora yenye maua ya buluu na Antigonon leptopus yenye vishada vya waridi zote hutengeneza viazi ardhini na husambaa zikitoka nje ya pipa. Kweme ni mmea wetu, mbegu zake ni tamu na zina mafuta, lakini dume na jike ni mimea tofauti, hupanda juu ya miti mikubwa, na tunda moja huweza kufika kilo 15. Hakuna pipa la kazi hiyo.

Kufunga

Kwenye ukuta wa tofali za sementi tumia waya wa mabati wa milimita 2.5 au 3, mistari ya mlalo kila sentimita 40, mstari wa kwanza kimo cha goti. Waya ukae sentimita 5 hadi 10 mbele ya ukuta ili hewa ipite. Kipande cha wavu wa BRC, ule wa chuma wa kujengea, kinafanya kazi hiyo hiyo kwa haraka zaidi, na bogenvilia nzito hukaa vizuri juu yake. Nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, kama za Mji Mkongwe au mji wa kale wa Mombasa, zisitobolewe: chokaa haishiki skrubu chini ya uzito na upepo, na mvua huingilia tundu. Simamisha fito 3 za mianzi au mirunda ndani ya pipa lenyewe, zifike chini kabisa, na uzifunge kwa fito za kukingama.

Vya kufungia, vipande vya tyubu ya baiskeli ni bora kuliko waya mwembamba, ambao hukata shina likinenepa. Funga kwa umbo la nane, msalaba ukae kati ya shina na waya. Kamba ya katani huoza kabla ya mwaka, jambo linaloifaa dodoki na kuiponza bogenvilia.

Miaka inayofuata

Udongo wa pipa hushuka na kuchoka. Kila mwaka kabla ya masika kwangua sentimita 5 hadi 8 za juu, jaza mchanganyiko mpya wenye samadi. Alamanda na asumini mwaka wa 3 huhitaji zaidi: legeza donge, kata theluthi ya nje ya mizizi kwa msumeno wa mkono, pogoa matawi kwa kiasi hicho hicho, rudisha na udongo mpya, kisha weka kivuli cha gunia kwa siku 10. Bogenvilia usiitoe pipani. Chimba pembeni tu, vipande vya umbo la kabari, robo ya mzunguko kila mwaka, na ujaze udongo mpya humo.